Aliyepiga Magoti Kando ya Kombi

Utacheka, najua. Hata mimi nilikuwa nacheka watu wakisimulia mambo ya mizimu. Lakini hili sikuhadithiwa na mtu. Lilinipata mwenyewe nikiwa macho, na pombe sijawahi kuonja.

Mimi ni Mkenya wa Bungoma. Nanunua vitenge Kikuubo, Kampala, na safarini nalala ndani ya kombi yangu: ina godoro, jiko la gesi na mapazia. Safari ile nilikuwa najinyima kwa ajili ya harusi yangu na Nekesa, kwa hiyo chumba cha wageni sikukitaka. Nikaegesha Mengo, kwenye uwanja mtupu, mbele ya kibao kilichokataza watu kulala hapo.

Mlinzi, mzee wa Gulu aliyewahi kuwa jeshini, alinifukuza. Nikamwita afande, nikambembeleza, nikamtolea ya chai. Aliipokea bila furaha, akaniambia nisiongee na mtu yeyote usiku. Nilidhani anahofia wezi. Wewe ungedhani nini?

Usingizi ulikuwa unanichukua nilipogongewa kioo, taratibu, kwa adabu. Nikafunua pazia. Msichana alikuwa amepiga magoti kwenye majani, amevaa gomesi ya sherehe, ile ya siku ya kumtambulisha mchumba kwao. Mabegani alijifunika kitambaa cha gome la mti. Magoti hayakunishtua, maana wanawake wengi wa Kiganda husalimia hivyo. Tukasalimiana, yeye akiniita ssebo, yaani bwana, nami nikimwita nyabo, yaani bibi, kisha akaniuliza:

"Ssebo, umelipa mahari?"

Hapo ndipo nilipopotea. Ukifanya biashara Kampala, masikio huzoea r na l kubadilishana. Nimeulizwa kama nimekula "chakura", nimeagwa kwa "rara sarama", na nimejifunza kurekebisha kichwani bila kumcheka mtu. Basi nikarekebisha. Nikaona anauliza mahali, yaani mahali pa kuegesha, labda katumwa na mwenye uwanja. Na si nilikuwa nimelipa kweli? Ningesikiliza vizuri, ningegundua kwamba l ya "umelipa" aliitamka sawasawa.

"Nimelipa yote, nyabo," nikamjibu.

Akainamisha kichwa. "Webale, ssebo," akanishukuru, kwa sauti ya mtu aliyesubiri mpaka akachoka. Nikashusha pazia, nikalala.

Niliamshwa na baridi mgongoni. Kuna mtu alikuwa amelala nyuma yangu. Milango nilikuwa nimeifunga kwa ndani, niamini, lakini nilisikia gomesi ikikwaruza shuka, na harufu ya udongo. Nikaanza kuliita jina la Yesu kimoyomoyo. Sikugeuka mpaka kulipokucha. Hapakuwa na mtu, ila godoro lilikuwa limebonyea, na kile kitambaa cha gome kilikuwa juu ya mto, kimekunjwa vizuri.

Nilipomweleza yule mzee, alivua kofia. Alisema zamani palikuwa na nyumba hapo. Mchumba wa binti wa nyumba ile hakutokea siku ya kuleta mahari, na haikuchukua muda binti akafa, wakamzika kwa nguo ya gome kama ilivyo desturi yao. Sasa huwauliza wanaume wanaolala pale. Wanaonyamaza huwaacha.

"Lakini mimi nilisikia mahali," nikamwambia.

"Yeye hakukosea Kiswahili, kijana yangu," akajibu. "Ni wewe ulimsahihisha."

Nilirudi nyumbani bila kumwambia mtu. Nekesa ndiye aliyeanza. Aliniambia mwanamke mgeni alipiga magoti mlangoni kwake, akamwita dada, akamwomba asimchukue mume wake. Nikamweleza yote, tukalia pamoja. Wazee wangu walipopeleka mahari, ng'ombe waligoma kuvuka lango la baba yake Nekesa, wakachapwa, wakagoma. Baba huyo akasema hamwozi binti yake kwa mume wa mtu. Leo Nekesa ameolewa Kitale, nami bado nampenda.

Kwa hiyo nakuomba: ukikuta kibao kinasema hapalaliwi, washa gari uondoke. Na ukiulizwa jambo usiku na mtu usiyemjua, usijifanye umemwelewa.

Mimi nikiulizwa kama nimeoa, najibu ndiyo. Siku moja nilijibu hapana, na usiku ule alilia pembeni yangu mpaka kulipokucha.