Karatasi za Bawa la Kulia

Kule Kavumu, kwenye kiwanja cha ndege, kazi yangu ilikuwa kupima valizi za abiria. Tangu ndege ziache kushuka nimebaki nyumbani, na mkono uliozoea kupima haujui kutulia: nimeshapima mlango, meza, hata subira ya mke wangu. Natoka dirishani naenda jikoni, natoka jikoni narudi dirishani. Na usifikiri mimi ni mtu wa kutembea. Hata nilipokuwa na kazi, saa niliyoipenda ni ile ya kurudi. Lakini kukaa nyumbani kwa kupenda ni kitu kimoja, kukaa kwa kukosa pa kwenda ni kingine. Hiki cha pili kinachosha miguu.

Ndipo nikaona kwenye simu ramani ya ndege ya frigolite, ile mousse nyeupe nyepesi wanayofungia televisheni ndani ya karatoni. Haina motor. Unairusha kwa mkono, upepo unafanya inayobaki. Ramani ilikuwa ya ukubwa wenyewe wa ndege: unachapa karatasi moja moja, unaziunga kwa skochi, unazilaza juu ya frigolite na kufuata mistari kwa wembe. Frigolite haikunisumbua. Jirani yetu anapamba salle, kumbi za ndoa, na herufi za frigolite za majina ya maharusi zikishatolewa ukutani, hakuna anayezitaka tena. Alinipa vipande vikubwa mpaka meza yetu ya kulia chakula ikapotea.

"Papa," mke wangu akasema, "hii nyumba sasa iko sawa na salle kisha ndoa. Banakula, banaenda, sisi tunabakia na uchafu."

Kaka yake alikuwapo siku hiyo. Yeye hupandisha mchele na mafuta Luhwindja, kwa wachimba dhahabu, na kwa muda mrefu alikuwa ananitaka nikae kule juu nimlindie stock. Kukaa, maana yake kulala kule, wiki kwa wiki. Mimi ambaye nikilala ugenini usiku mmoja, tumbo linafunga duka.

"Shemeki, tusikilizane," akasema, akiinua kipande cha bawa kwa vidole viwili kama samaki aliyeoza. "Siku ya Mungu tunaenda kwa mama, Nyantende. Hii kintu yako ikiruka ipite ule muti wa avoka, nakuacha na meza yako. Ikianguka, kesho yake unapanda na mimi."

"Na nani atakuwa arbitre, wa kuamua?"

"Dada yangu."

Nilimtazama mke wangu nikitafuta msaada. Alikuwa amekwisha kufungua kabati, anahesabu mashuka.

Nikashuka kuchapa. Kwenye kibanda cha kwanza cha fotokopi nilimsimamia bwana wa mashine mpaka akachoka na mimi. Hapana kupunguza, hapana kuongeza, nilimwambia. Karatasi ya kwanza ilikuwa na mstari mdogo wa majaribio, ambao kwa rula lazima uwe sentimita kumi. Nikatoa rula yangu mbele za watu. Kumi kamili. Nikajisikia injinia. Mwili wa ndege ukatoka, bawa la kushoto likatoka, kisha courant, umeme, ikakatika. Nikavuka barabara hadi kibanda chenye groupe, jenereta yake mwenyewe, na maman mmoja, miwani juu ya paji la uso, akanichapia bawa la kulia huku akibishana na mteja mwingine. Sikupima tena. Nilishapima, si ndiyo?

Nyumbani, karatasi za bawa la kulia zilikataa kukutana na zile za mwili. Nililaumu skochi. Nikalaumu meza. Mwisho nikavuta kidogo, nikakata kidogo, nikagandisha yote kwa kole, nikaita hiyo kazi.

Asubuhi ya siku ya Mungu, baada ya misa, mke wangu aliizungusha ndege mikononi. "Papa, huyu anachechemea."

Nikaleta rula. Bawa la kulia lilikuwa fupi kuliko la kushoto, na muda wa kutengeneza jingine haukuwapo. Akaifunga ndani ya kitenge kama mtoto, watu wa njiani wasije wakasema ni drone, tukaenda.

Pale Nyantende, juu ya shamba la maharage la mama mkwe, nikaitoa ndege ndani ya kitenge. Shemeki alikuwa amekaa juu ya jiwe. "Shemeki, umefunga gunia? Kule iko baridi."

Nikatupa.

Ikaenda vizuri kuelekea avoka, ule mparachichi. Ikaupita mti. Halafu, polepole, kama mtu aliyekumbuka ameacha sufuria motoni, ikainama upande wa bawa fupi, ikazunguka, ikaupita tena mti ule ule kwa nyuma, ikaja ikalala kwenye maharage, karibu na miguu yangu. Mama mkwe akauliza kama nimeifundisha.

"Hapana!" shemeki akasema. "Imerudi!"

"Ulisema ipite avoka," mke wangu akajibu. "Imepita. Kwenda na kurudi. Haukusema isirudie."

"Ndege sawa na mwenyewe," shemeki akasema, lakini alikuwa anacheka, na kesho yake akapanda Luhwindja peke yake.

Njiani tukirudi kutoka Nyantende nilimwuliza mke wangu mbona alinitetea. Aliendelea kutembea. "Mashuka iko mbili tu," akasema. "Ungebeba moja, mimi ningejifunika nini?"

Nilishinda, basi ningekaa nyumbani nimetulia. Kumbe wapi. Asubuhi nilisikia motor ya gari la shemeki ikipanda na nikasimama dirishani mpaka ikaisha sikioni. Kisha nikachukua rula, nikashuka kwa yule maman wa bawa la kulia kumgombeza.

"Papa, mistari yako ilikuwa mupembeni sana," alisema bila haraka. "Hapa batu banaleta attestation. Kashe ikikatika kidogo, bureau inakataa, banarudia na kelele. Ni vile napunguzaka zote, kila kitu inaingia. Nilikutengenezea muzuri."

Ningemgombeza vipi? Hata mimi nilishawahi kurudishwa na cheti chenye nusu kashe, muhuri uliokatika.

"Na iliruka?" akauliza.

"Iliruka. Ikarudi."

Akashusha miwani machoni, akanitazama vizuri. "Nikuchapie ingine, ya kwenda sawasawa?"

Mkono wake ulikuwa tayari juu ya mashine. Nyuma yangu watu walikuwa wanasubiri na attestation zao. Ya kwenda sawasawa, nani angeifuata kule inakoangukia? Labda mimi, niliyekosa pa kwenda.

"Chapa, maman," nikasema. Safari hii nilipima kila karatasi, na watu wakangoja.