Mwezi Nilioapia

Miaka ile ya sitini baba alikuwa mpiga pondo. Kwa mti ule mrefu aliusukuma mtumbwi wake katika Mkanda, mlango mwembamba wa mikokoni baina ya Manda na bara, akiwaleta Lamu wanafunzi wa vyuo vya dini. Nami nilikuwa mwanafunzi, kijana wa miaka ishirini mwenye kiburi cha shekhe kabla ya elimu yake.

Jioni ya kuutafuta mwezi wa Ramadhani mawingu yalitanda. Nilitaka niwe wa kwanza, basi. Nikaona kitu cheupe, kikapotea, nikaapa mbele ya mashekhe kuwa ni mwezi. Shahidi mmoja anatosha. Mji ukafunga kwa neno langu.

Siku ya saba ya mfungo tulikuwa Pate kwa dada yangu, uchungu ukamshika na mtoto akakwama. Mkunga akasema apelekwe hospitali ya Lamu, upesi. Gatini Mtangawanda palikuwa na jahazi linalozunguka nje ya Manda, njia ndefu lakini yenye maji saa zote. Baba alihesabu maji kwa tarehe ya mwezi, kama alivyofunzwa na babake: mwezi wa siku saba, Mkanda hujaa saa tatu na robo asubuhi. Tungewahi. Hata hivyo alisita.

“Mwezi wa yana usiku ulikuwa mdogo kuliko siku zake,” alisema. “Lakini weye mwana wangu waliuona.”

Nikamsaidia dada kuingia mtumbwini. Jahazi likaondoka bila sisi.

Katikati ya Mkanda pondo ilianza kutoka na tope. Mwezi ulikuwa wa siku sita, si saba; nilichokiapia hakikuwa mwezi. Maji yalikuwa yamejaa mapema na sasa yanatoka. Mtumbwi ukakaa. Tuliuvuta tukiwa tumezama hadi mapajani, chaza wakitukata miguu, hadi tukashindwa. Adhuhuri dada aliuachia mkono wangu. Alikufa na mwanawe tumboni.

Baba akanitazama. “Weye, waliuona mwezi kweli?”

“Naliuona, baba.”

“Basi ni mimi niliyekosa hesabu.”

Wanasema mchuma janga hula na wa kwao. Langu walilila wao tu, na bado najichukia. Pondo baba hakuishika tena. Matangani alimwomba radhi mkwewe, mume wa dada, mbele ya watu, akisema amemuulia mke na mtoto kwa hesabu mbovu, nami nimeketi ubavuni pake, nikiitikia amina.