Makao Yake Hayajulikani

Naibu wa mwalimu mkuu shuleni kwetu husoma gazeti kuanzia nyuma. Kwanza matangazo ya vifo, kisha ya kazi, kisha ya mahakama. Wanasiasa huwaacha hadi chai ya saa nne ikishapita. Siku moja alisogeza miwani, akanitazama, akalitazama gazeti tena. Mimi nilikuwa nasahihisha insha. Alikuja akaliweka gazeti juu ya madaftari yangu, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, hii si wewe?"

Ilikuwa mimi. Majina yangu matatu, yote, kama yalivyo kwenye kitambulisho. Tangazo lilisema kwamba mume wangu ameomba talaka katika mahakama moja mjini Meru, kwamba nilitoroka nyumba ya ndoa, na kwamba makao yangu hayajulikani. Nisipojibu kwa siku kumi na tano, kesi itasikizwa na kuamuliwa bila mimi. Nilisoma mara tatu. Mwalimu wa hesabu alikuwa amejitia hamnazo, anakoroga chai isiyo na sukari.

Sikulia. Wengine walitaka nilie ili wanipe pole, lakini nilikuwa na hasira mno. Wakaniambia hasira hasara. Nikawaambia hasara imeshaingia, acheni na hasira ije.

Nieleze, ili mtu asinione mkali bure. Mimi ni mtu wa Kiambere, kule Mbeere, chini karibu na bwawa, ambako mtu akipata magunia mawili ya ndengu anamshukuru Mungu. Niliolewa Meru, upande wa juu kwenye majani chai. Mume wangu ana duka la vifaa vya ujenzi pale Makutano, Meru. Miaka minne iliyopita nilihamishwa kikazi nije Embu. Aliniambia nichague, kazi ama yeye. Nilimwambia sioni kwa nini nichague kati ya vitu viwili ambavyo vyote ni vyangu. Siku ya kuondoka alinisaidia kupakia godoro. Mtu aliyetorokwa huwa hashiki upande mmoja wa godoro.

Nilipanga nyumba mtaa wa Dallas, hapa Embu, mimi na binti yetu. Mwaka wa kwanza mume wangu alikuwa akija, anakula, analala, anarudi dukani Jumatatu. Mwaka wa pili alikuja mara moja tu, na pikapu, kuchukua tangi la maji la lita elfu moja. Alisema ni lake kwa kuwa lilitoka dukani kwake. Hakuuliza njia. Aliingia getini, akawaita majirani wangu wamsaidie kulibeba, akawashukuru mmoja mmoja, akaniacha na mitungi. Na tangu hapo, kila Jumapili baada ya kanisa, humpigia binti yake simu. Anampigia kwa simu yangu, kwa sababu mtoto wa miaka tisa hana simu. Mtu huyo ndiye aliyeenda mahakamani akaapa kwamba hajui niliko.

Jioni hiyo nilimpigia. Alishika haraka, akidhani ni mtoto. Nilimuuliza tangazo ni la nini, naye akaongea kwa upole kama anayemweleza mteja kwa nini simiti imepanda bei.

"Hayo ni mambo ya loya tu," alisema. "Usiyaweke kwa roho. Ndiyo njia fupi."

Nikamuuliza mbona hakunipigia. Akasema simu si samansi. Nikakata, maana nilikuwa na maneno ambayo mtoto aliyekuwa chumba cha pili hakustahili kuyasikia.

Kesho yake niliomba ruhusa nikaenda Meru kulisoma faili. Karani wa masijala aliniomba kitambulisho, akakitazama, akanitazama, akasema, "Lakini wewe hupatikani." Nilimwambia anishike mkono aone kama napatikana. Alinipa faili.

Humo ndani ndimo nilimokuta jambo ambalo gazeti halikulisema. Ombi la kwanza lilikuwa talaka. La pili lilikuwa gharama. La tatu lilikuwa mtoto: kwamba binti yetu akabidhiwe baba yake, kwa kuwa mama ametoroka na hajulikani aliko. Nilikaa kwenye benchi la masijala nikalisoma ombi hilo tena. Talaka ni neno, mtu anaweza kuishi nalo. Lakini baada ya siku kumi na tano za kunyamaza, mtu angeweza kuja getini kwangu na karatasi yenye muhuri akamchukua mwanangu, na mimi ningekuwa nimenyamaza kwa sababu tu sisomi gazeti kuanzia nyuma.

Nilimtafuta wakili, mwanamke mwenye ofisi juu ya duka la dawa. Alisoma karatasi zote bila kuinua uso, halafu akanieleza. Sheria haimruhusu mtu kumtangaza mwenzake gazetini kwa kupenda tu. Lazima kwanza atumwe mtu wa samansi mwenye karatasi ya wito, amtafute, amkose, na aape kwamba amemkosa. Akasema ni desturi ya kisheria ya zamani sana, ilikuja na Wazungu, enzi ambazo mume wa mtu angepanda meli akapotea miaka kumi na mke hajui kama ni mzima ama amekufa. Nikamwambia kutoka Makutano hadi Embu hakuna bahari. Alicheka kidogo, akafungua ukurasa mwingine, akanionyesha kiapo cha yule mtu wa samansi.

Kilikuwa kifupi. Aliapa kwamba alisafiri hadi Kiambere, nyumbani kwa wazazi wangu. Kwamba alimkuta mwanamke mzee. Kwamba mwanamke huyo alimwambia binti hayuko na hawajui alikwenda wapi, akakataa kutia sahihi, akakataa kutia kidole.

"Uongo," nikasema. Niliwaona wazi wawili hao, mume wangu na mtu wake wa samansi, wamekaa kwenye hoteli hapo Makutano wanakula nyama na kutunga safari ya Kiambere ambayo haikuwahi kuwa. Wakili alisema kama ni uongo, mama yangu aape kwamba hakuna mtu aliyefika, na tangazo lote litaanguka. Njia ya mwongo ni fupi. Nilitoka hapo nimefurahi kwa mara ya kwanza tangu gazeti lile.

Jumamosi nikashuka Kiambere. Mama alikuwa uani anapepeta ndengu. Nilimsalimu, nikakaa kwenye kigoda, nikamweleza kwamba kuna mtu ameapa kuwa alikuja hapa kunitafuta, na ninataka aseme hakuja. Mama hakuacha kupepeta.

"Alikuja," akasema.

Nilimuuliza nani alikuja. Akasema kijana mmoja wa pikipiki, amevaa koti katika jua hili, ana faili kwapani. Aliuliza niko wapi. Mama akamwambia hayuko, hatujui alikoenda, akampa maji ya kunywa na kumwonyesha barabara. Alisimulia kwa fahari, kama mtu aliyemfukuza fisi kwenye zizi.

Sijawahi kumpandishia mama yangu sauti kabla ya siku hiyo, na siombi radhi sana, kwa sababu naye alikuwa amenimaliza. Nilimuuliza kwa nini. Mama, unajua Dallas. Umelala Dallas. Umenipelekea kuku Dallas!

Akaweka ungo chini, akanijibu taratibu kwa Kimbeere kwamba mtu mwenye faili hajawahi kuleta kitu kizuri katika nyumba hii. Akasema pia aliijua hiyo karatasi ni ya nini, maana ndoa ikiwa nzima, mwanamke haulizwi kwa mama yake na mgeni. Basi aliikataa, ili isinifikie. Kwa mila yetu, mtu hawezi kuachanishwa akiwa hayupo. Shangazi yangu alipoachana na mumewe, wazee wa pande zote mbili walikaa, na shangazi mwenyewe alisimama akasema kwa kinywa chake kwamba ametoka. Kabla hajapatikana walimngoja msimu mzima. Mbuzi wa mahari walirudishwa akiwaona. Bila yeye, hakuna mzee ambaye angethubutu kufungua mdomo. Kwa hiyo mama aliona kwamba nisipopatikana, ndoa yangu itakaa pale pale, salama, hata kama ni ndoa ya jina.

Nilimweleza kotini ni kinyume. Kule, ukikosekana, wanaendelea haraka zaidi. Nilimweleza kwamba neno lake, hilo hilo la kunificha, ndilo limeandikwa, likapigwa muhuri, na sasa ndilo linalotaka kumchukua mjukuu wake. Kuku walikuja wakaanza kula ndengu kwenye ungo na mama hakuwafukuza.

Hapo hasira yangu ilikosa pa kukaa. Niliibeba hadi Embu nikiigeuzageuza. Yule mtu wa samansi alikuwa amesema kweli. Mama alikuwa amesema uongo kwa upendo. Mume wangu hakuwa ametamka uongo mwingi. Alichofanya ni kumtuma mgeni mahali ambapo sikai, kwa mama ambaye alijua hatamwambia mgeni, kisha akalipokea lile 'hatujui' kama jibu. Na mahakama nayo ilipokea, ikagonga muhuri, ikanipa siku kumi na tano. Wote mikono yao ilikuwa safi. Mimi tu ndiye niliyekuwa nimetoroka.

Siku mbili baadaye mama alipiga simu kuuliza kesi ni lini. Nilimwambia hahitajiki, wakili ameshaandika ombi la kufuta lile tangazo. Akasema hakuniuliza kama anahitajika. Mama ni kiongozi wa akina mama kanisani kwao. Ni yeye huwaita wengine na kuwaonya juu ya ulimi. Nilijua anachotaka kwenda kufanya, na kitakachosemwa kisimani akisharudi.

Siku ya kesi alivaa kitambaa chake cheupe cha kichwa na viatu vya kubana. Mume wangu alikuwa mbele na wakili wake, amevaa suti niliyomchagulia mimi. Alipomwona mama alisimama kwa heshima na kuinamisha uso, na mama naye akatazama ukutani, maana kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Nilichukia kuona heshima ile. Alikuwa na adabu zote isipokuwa ile niliyoihitaji.

Wakili wangu alieleza. Wakili wake akasimama na kusoma kile kiapo, kwa mkazo, mstari kwa mstari: mwanamke mzee, hayuko, hatujui. Akasema mteja wake amefanya yote ambayo sheria inataka, na hilo lilikuwa kweli. Hakimu akauliza kama huyo mwanamke mzee yupo. Mama akainuka kabla hajaitwa.

Walimpa Biblia akaapa. Karani mmoja akatafsiri. Hakimu akamuuliza kama yeye ndiye aliyeongea na mtu wa samansi.

"Ni mimi," mama alisema. "Nilidanganya. Nilikuwa najua mtoto wangu yuko Embu na nikasema sijui."

Hakimu akamuuliza kama anafahamu kwamba uongo huo ulielekeza mahakama vibaya. Mama akasema anafahamu, na kwamba atauungama pia kanisani, hilo ni lake. Halafu akafanya jambo ambalo sijaona mwanamke wa rika lake akilifanya. Aligeuka, akamtazama mkwe wake usoni, moja kwa moja, mpaka yeye akainamisha macho.

"Yule wa pikipiki nilikuwa simjui," alisema, na karani akatafsiri huku sauti yake ikishuka. "Wewe nakujua. Umekula kwangu. Ungekuja wewe mwenyewe uniulize mke wako yuko wapi, ningekuficha?"

Hakimu alimuuliza mume wangu kama ana jibu. Alimtazama wakili wake. Wakili wake alikuwa anapanga karatasi ambazo zilikuwa tayari zimepangwa. Mume wangu akasema alikuwa na shughuli nyingi dukani, kisha akakaa.

Haikuchukua muda baada ya hapo. Amri ya tangazo ikafutwa, nikapewa nafasi ya kujibu, na hakimu akasema mtoto abaki mahali alipo mpaka pande zote zisikizwe. Nilishika ukingo wa benchi kwa mikono miwili. Kisha akaniuliza, ili ajue kesi itakavyokwenda, kama napinga talaka yenyewe.

Nilikuwa nimejiandaa kupinga kila kitu. Usiku na mchana nilikuwa nimetunga hotuba juu ya godoro na tangi na simu za Jumapili. Lakini mama alikuwa bado amesimama kizimbani, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kumwambia ashuke, na viatu vilikuwa vinamuumiza, nilimwona akiegemea mguu mmoja. Hotuba yote ikaniishia.

Nikasema kuachwa naachika. Ninachopinga ni kuachwa nikiwa sipo. Aje asimame hapa, anitazame, aseme kwa kinywa chake kwamba hanitaki, na mimi niwepo nimsikie.

Karani alimuuliza hakimu hilo aliandike vipi. Hakimu akamwambia aliandike kama nilivyolisema.