Kamera mpya ilininyamazia kwa ngurario ya sister, nikajua leo nimeisha

Wakuu, mko poa huko? Sogeeni karibu na jiko. Huku Kianjokoma ukungu umeshuka mpaka mlangoni na niko na story.

Ni ukweli mtupu. Nikiongeza chumvi, ng'ombe ya mami ikauke maziwa, na mjue mimi ndio huwa naikamua.

Mimi ni mse wa kupiga picha. Harusi, mazishi, graduation ya nursery. Kuna mbuzi ya kuuzwa nilipiga portrait ikakaa kama MCA, mheshimiwa wa kaunti. Shule niliachia darasa la nane, lakini jicho haliitishwi certificate.

Miaka yote nilikuwa na kamera moja mzee, nzito kama jembe. Ukibonyeza inapiga kelele: KACHA!

Watu wa kwetu wanaijua hiyo sauti. Wanasimama wima, wanashika pumzi, KACHA, halafu ndio wanapumua. Bila kacha hakuna picha. Hiyo ndio sheria.

Basi nika-upgrade. Nikapata mirrorless, zile kamera za kisasa, second hand, kwa jamaa mmoja Embu town. Kitu ndogo, nyepesi, unaweza dhani ni ya mtoto kuchezea, lakini kacha ilikuwa nayo.

Wakuu, siku ya kwanza kuweka jicho kwa kadirisha kake...

Nilikuwa nyuma ya nyumba, asubuhi, majani chai imelowa. Nikaona ukungu unakuja kama maziwa inamwagwa polepole. Buibui alikuwa amefunga uzi kati ya matawi, na kila tone la umande lilikuwa na kadunia kake ndani, na kanyumba ketu kamepinduka juu chini.

Nilikaa hapo mpaka uji ikapoa. Mami akaniita, nikasikia ni kama anaita mtu mwingine, ng'ambo ya mto.

Shida ilikuwa moja: menu ni ya Kijapani. Yote.

Mimi hata menu ya Kiingereza huwa naenda kwa kupapasa. Sasa hizi herufi zilikuwa kama vijumba vimepangwa, vingine viko na mlango, vingine ni paa tu. Nikajiambia tutajuana pole pole. Mchumba hasomwi siku moja.

Sasa tukuje kwa ngurario. Kwa wale wa mbali, hiyo ndio sherehe ya kumalizia ndoa ya kienyeji. Sister yangu Wanja alikuwa anaolewa na Mwenda, kijana wa Meru, na wageni walikuwa wanakuja kwetu.

Wiki hiyo Wanja akanivuta kando jikoni.

"Njeru, nataka picha moja tu. Mami akicheka. Nikienda Meru niitundike kwa ukuta."

Mnaona ni kitu rahisi? Hamjui mami.

Mami hucheka mpaka kuku zinatoroka. Lakini akiona kamera anakuwa picha ya kitambulisho. Shingo imekazwa, mdomo umefungwa, macho mbele. Kuna picha amebeba Wanja akiwa mtoto mchanga, na anakaa kama mtu ameshikwa na polisi. Picha ya mami akicheka haijawahi kuwa kwa hii dunia.

Nikamwambia Wanja, "Hiyo hesabu umepata." Mdomo wangu huwa unatangulia, mimi nakuja nyuma nikihema.

Asubuhi ya siku yenyewe nikaingia kwa menu kutafuta Kiingereza. Nikabonyeza kajumba kamoja, nikabonyeza kengine. Wapi. Nikaachana nayo.

Wageni wakafika. "Muga! Muga!" kila kona, salamu za Kimeru mpaka mbwa wetu akanyamaza kwa heshima.

Halafu ile part tamu. Bibi harusi anafunikwa leso kutoka kichwa mpaka kwa magoti, anapangwa na wanawake wengine wamefunikwa hivyo hivyo, na bwana anaambiwa achague wake. Akikosea atachekwa mpaka kwa wajukuu.

Mimi sikuangalia Mwenda. Niliangalia mami, amesimama kando peke yake, mikono imeshikana mbele.

Kamera ikaweka kasanduku kadogo ka kulenga kwa jicho la mami, ikamfuata. Ni kama mtu alipunguza sauti ya boma yote. Leso zinapepea, nyekundu, njano, na nyuma yake chai inapanda kilima mpaka inapotelea kwa ukungu. Nilikuwa naota nimesimama.

Mwenda akapita mbele ya mstari, akarudi, akasimama. Akafunua leso moja kwa madaha.

Kumbe ni Cucu! Mama ya mami. Meno ya mbele hana, ya nyuma anakumbuka tu. Akamshika Mwenda mkono:

"Twende basi, mume wangu. Nguo nilipanga jana."

Boma ikalipuka. Na mami akacheka. Wakuu, alicheka kichwa kimeenda nyuma, mkono kwa tumbo.

Nikabonyeza.

Kimya.

Nikabonyeza tena. Kimya. Nikaibonyeza-bonyeza kama kengele ya baiskeli. Hakuna kacha.

"Njeru, piga!" auntie akanipigia nduru. "Unangoja nini, iive?"

"Wacheni kijana," akasema mzee mmoja wa Meru. "Hiyo yake ni darubini. Ni ya kuangalia tu."

Wakacheka zaidi. Mimi nabonyeza tu, jasho inateremka. Kicheko ya mami ikapita. Mwenda akarudia, akapata Wanja, vigelegele vikapanda mpaka sokoni Kanja.

Baadaye watu wakajipanga mbele yangu, wameshika pumzi wakingoja kacha, karibu wazirai. Nikaweka kamera kwa bag, nikamaliza kazi na simu. Fundi wa picha, kwao nyumbani, anapiga na simu!

Jioni nikaenda kujificha kwa majani chai. Wanja akanipata huko, leso bado iko begani.

"Ulipata?"

Kudanganya ni talanta yangu, mnanijua. Lakini hapo ulimi ulilala.

"Ilikataa," nikasema.

Hakuamini. Akanipokonya kamera, akabonyeza kale kamshale ka kuonyesha picha.

Zote zilikuwa ndani.

Kumbe nikitafuta Kiingereza nilizima sauti. Ilikuwa inapiga kimya kimya, kila nikibonyeza.

Mami akicheka. Mami akicheka zaidi, ananiangalia mimi nikipigana na button. Wanja akacheka mpaka akakaa chini kwa nyasi.

"Hiyo ndio ya ukuta," nikasema.

Akaendelea kupeleka mbele. Kicheko kikawa kinapungua picha kwa picha, vile jua huondoka kwa shamba. Halafu ikakuja moja.

Watu wote bado wanacheka. Mami ameacha. Anaangalia mstari wa leso, lakini sio kwa Cucu. Anaangalia mtu wa mwisho kabisa, amefunikwa, miguu tu ndio inaonekana. Mdomo umefunguka kidogo, kama mtu anataka kuita jina halafu anakumbuka hawezi.

Hakusikia kacha, kwa hivyo hakujikaza.

Wanja akaleta kamera karibu na macho. Ukungu ukatupita.

"Alijua ni mimi," akasema.

"Hiyo miguu anaijua tangu haijui kutembea."

"Njeru, nipe hii."

"Si ulitaka akicheka?"

"Ya kucheka kaa nayo. Lakini wewe ndio unabaki naye, utamsikia akicheka kila siku."

Nikampa bila kuitisha hata shilingi, wakuu. Mimi!

Somo ni hili: kamera mpya usiibebe kwa kazi kama hamjasalimiana vizuri, badilisha lugha kwanza. Na usiwafundishe watu wako kungoja sauti. Sura yenye unatafuta huwa inakuja wakidhani umeshindwa.

Wale wa "tupia picha" poleni, hiyo ni ya sister na iko kwa ukuta wake Meru. Lakini nyinyi je, kuna mtu wenu mlimpata hivyo bila yeye kujua? Andikeni hapo chini alikuwa anaangalia nini. Nimeweka chai jikoni, nasoma moja moja.