Mkate wa Kidole

Habari hii kanisimulia mwokaji mwenyewe, Jumapili iliyopita, mikate ilipokwisha dukani. Mkwe wake, mke wa mwanawe, alikaa pembeni akimsahihisha kila alipojisifu.

Saa kumi alfajiri taa ya chumba cha nyuma inawaka. Mwokaji, mama mnene mwenye kilemba cheupe, anapita kando ya meza ndefu iliyopangwa madonge ya unga. Kila donge analibonyeza pembeni kwa dole gumba, anangoja, anatazama. Likirudi upesi, bado halijaumuka. Likirudi polepole na kubakiza kishimo, linaingia tanurini.

“Mama, si ungebonyeza moja tu?” mkwe anamchokoza.

“Kwani ukiwa na watoto sita, utamuuliza mmoja kama wote wameshiba?”

Kishimo kile hakifutiki motoni. Kwa miaka ishirini kila mkate wake umetoka na alama pembeni, na yeye hata siku moja hakuiwazia.

Mkwe aliiwazia sana. Alisomea usanifu wa matangazo, na alipoolewa ndiye aliyeufungulia mkate ukurasa mtandaoni. Machoni pake kishimo kilikuwa doa, basi kila picha aliipiga kwa upande wa pili.

“Nilikuwa naugeuzageuza kama bibi harusi mwenye chunusi,” anasema, na wote wawili wanacheka.

Wakati huo mkate wa kiwandani ulikuwa umeanza kuletwa mtaani kwa bei ya chini. Wasipojitofautisha, tanuri litazimwa. Mkwe akabuni karatasi nyeusi yenye taji la dhahabu, ya kuufunika mkate mzima. Akiba waliyoiweka kwa ajili ya tanuri la pili ikaenda kwa mchapaji.

Asubuhi ya kwanza fundi cherehani wa jirani akachungulia dukani.

“Bi mkubwa, hii ni zawadi ya saa ya ukutani au mkate?”

“Mkate, baba.”

“Basi nipe ule wetu.”

“Si ndio huohuo!”

“Thubutu! Ule wetu naujua mimi.” Akavuka barabara mikono mitupu.

Hakuwa peke yake. Kati ya mikate themanini, thelathini ikawa inabaki mpaka jioni. Mwokaji akaanza kukanda unga kidogo, kisha kidogo zaidi.

Ndipo mteja mmoja akaandika kwenye ukurasa: “Mkate wa kidole umekwenda wapi? Wanangu walikuwa wakiigombania ile pembe.” Wengine wakadakia, kidole, kidole. Mkwe akayasoma maoni hayo kwa sauti.

“Kidole gani?” mwokaji akauliza, akaitazama mikono yake kama mtu aliyesingiziwa wizi.

Mkwe alipoelewa, alijifungia chumbani, akalia. Mwokaji akamgongea.

“Toka, mama. Hiyo ni karatasi, si maiti. Mkasi uko wapi?”

Wakakaa sakafuni siku nzima wakikata tundu la duara kwenye kila karatasi, pale pale kidole kinapokaa. Kesho yake fundi cherehani akapitisha kidole chake tunduni, akapapasa.

“Ndio huu! Mlikuwa mmeuficha wapi?”

Leo tundu ndiyo nembo ya duka, na mikate imefika mia na ishirini. Mkwe aliwahi kupendekeza kipande cha mti cha kubonyezea, vishimo vyote vilingane. Mwokaji akakataa. “Mti hausikii unga. Utabonyeza tu hata usioumuka.”

Badala yake anamfundisha mkwe kubonyeza. Kishimo cha mkwe ni chembamba, na wateja hawakawii kuandika: “Leo mama mkwe kapumzika?” Mwokaji anafurahi. Akiba imeanza tena, na tanuri la pili likija, kila mmoja atasimama kwenye lake.

Mchana duka linafungwa, maana aliyeamka saa tisa hana budi kulala. Wanajinyoosha mkekani, mkwe akimsomea maoni ya wateja. Katikati ya sentensi sauti inakatika. Kasinzia, simu i kifuani.

Mwokaji anaichukua taratibu. Kwenye kioo kuna picha ya mkate, upande wenye kishimo, na chini yake kimoyo kitupu. Anakibonyeza kwa dole gumba lenye unga. Kimoyo kinakuwa chekundu. Anangoja kidogo, anatazama kama kitarudi.

Hakirudi. Anailaza simu kifudifudi, anageukia ukutani, naye analala.