Vidato Sabini na Viwili

Wifi yangu haogopi kazi, haogopi jua, wala hamchukii mtu duniani ila mmoja. Anachokichukia kwa moyo wake wote ni mazoezi. Ukimwambia mazoezi ni afya atakujibu kwamba hata kulala ni afya, na hakuna anayelazimishwa kulala kwa filimbi. Nalisema hili mapema ili asije mtu akadhani nasimulia habari za mwanamke aliyeamka siku moja akaona raha ya kutoka jasho. Hakuiona jana na kesho hataiona.

Huyo mmoja anayemchukia ni mume wake, na mume wake ni mdogo wangu. Nilimbeba mgongoni mtoto yule mama akiwa kazini, nikamfuta makamasi, nikampigania shuleni mpaka nikachaniwa sare. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na kwetu hakuna aliyethubutu kumliza. Akakua akiamini kwamba kinachomkatalia hupigwa mpaka kikubali.

Siku aliyomvunja mkewe, sababu ilikuwa shati. Wifi ni dobi, ananyoosha nguo za mtaa mzima, na siku hiyo shati la bwana lilikuwa halijapata zamu yake. Mdogo wangu akachukua kipande cha bomba la maji kilichokaa nyuma ya mlango. Pigo la kwanza lilipasua kioo cha kabati. Wifi akachomoka peku, akashika barabara. Akapita duka la kwanza, la pili, la tatu. Mbele ya duka la nne kifua kikagoma. Alishika nguzo ya taa, akainama kutafuta hewa, na bomba likamkuta pale pale. Mkono wa kulia ulivunjika kwa pigo moja, taya kwa jingine. Kisha akakamatwa nywele na kuburutwa hadi nyumbani, mbele ya watu waliopanga foleni ya mikate, na hakuna aliyetoka kwenye foleni. Meno mawili yalibaki kwenye lami.

Nilipofika hospitali taya lilikuwa limefungwa kwa waya. Aliomba karatasi, akaandika kwa mkono wa kushoto, herufi zimelala huku na huku: "Sikushindwa na bomba. Nilishindwa na pumzi."

Mahakama ilimpa mdogo wangu miaka mitatu. Alipokuwa akitolewa kizimbani aligeuka, akamwangalia mkewe, akasema taratibu, "Nikitoka nitakuja kumalizia." Mimi namjua tangu hajaota meno. Akipayuka anatisha watu tu, lakini akisema taratibu anatoa ahadi.

Nikamchukua wifi akaishi kwangu. Nina chumba cha dobi katika uwanja wa jengo la zamani, na nyuma yake chumba cha kulala. Jengo lina ngazi mbili, ya mbele na ya nyuma, zote zinapanda mpaka juu ya paa bapa tunapoanika nguo. Ni vidato sabini na viwili, nimevihesabu. Nikamwambia, "Wifi, tuna miaka mitatu. Siku atakayokuja, usishike nguzo." Akakubali kwa kichwa, maana waya ulikuwa bado mdomoni.

Kukubali kwa kichwa ni kitu kimoja na miguu ni kitu kingine. Nilimnunulia raba, tukaanza kukimbia alfajiri. Siku ya kwanza tulikimbia mpaka kona. Siku ya pili kona ilikuwa mbali. Siku ya tatu nikamkuta amezivaa raba zile kitandani, kajifunika shuka, anakoroma. Nikaleta kamba ya kuruka, akaifungia mzigo wa mapazia. Nikampeleka kwenye ukumbi wa mazoezi, kijana mmoja mwenye shingo nene akamwambia lazima ajifunze kuyapenda maumivu. Wifi akamtazama juu mpaka chini. "Maumivu nimeshapewa bure, mwanangu, tena ya kutosha," akasema, akachukua mkoba wake.

Nilikasirika, sitaki kudanganya. Kila usiku nilimsikia akipigana usingizini, anarusha mateke, anauma mto, na kila asubuhi mwanamke huyo huyo ananiambia magoti yanamuuma. Nikamwita mvivu, akaniita askari magereza. Nikamwambia mtaka cha mvunguni sharti ainame. Akasema yeye hataki cha mvunguni, yeye mwenyewe ndiye aliyeko mvunguni.

Lakini kuna jambo nililiona. Mtu huyu hajawahi kukosa kazi. Mkono ukiwa ndani ya plasta alinyoosha kwa mkono mmoja. Homa ikimpanda atakamua shuka za zahanati kama anakamua shingo ya mtu, mpaka tone la mwisho. Kumbe nilikuwa nahangaika bure kumtafutia hamu, wakati kazi haimwombi mtu hamu.

Sisi nguo mbichi hatuzibebi. Tangu enzi za dobi aliyetutangulia kuna kapi la chuma ukingoni mwa paa, lina kamba ndefu. Unafunga kikapu chini, unavuta, kinapanda chenyewe, kisha unapanda mikono mitupu taratibu, ukipumzika kila ghorofa. Asubuhi moja wifi alikuwa anafunga kikapu cha kwanza, na mimi nikaja na kisu cha jikoni nikaikata kamba. Nikaikata tena, vipande kama urefu wa mkono, nikavitumbukiza kwenye moto wa kuchemshia maji.

Akatazama moto, akanitazama mimi, akanizaba kofi. Nami nikamzaba. Akanikamata kola, tukaanguka kwenye povu, tukapigana wanawake wazima wawili, ndoo zikipinduka, yeye akinibamiza kichwa sakafuni, mimi nikimng'ata bega. Tuliachana kwa sababu tulichoka.

"Wewe na mdogo wako damu moja," akasema, mdomo unavuja.

"Ndiyo. Na yeye akija hatachoka kama mimi. Shuka za zahanati zinatakiwa jioni, wifi."

Maneno yale yalimkata, na mimi yalinikata pia. Akakaa kwenye povu kitambo. Kisha akanyanyua kikapu kile cha shuka mbichi, akakiweka begani, akaanza kupanda. Kila kidato tusi moja. Mchawi. Kichwa boga. Sura ya pasi. Kwenye kidato cha ishirini na mbili matusi yakakatika, nikamsikia akitapika.

Ndivyo ilivyokuwa mwaka mzima, na nusu ya mwaka wa pili. Vikapu sita asubuhi, vinne mchana. Hakuwahi kusema anajisikia vizuri. Hakuwahi kuamka na ari. Siku nyingine alikaa kwenye kidato cha kwanza akilia kwa hasira, kikapu kikimchuruzikia maji mapajani, kisha akapanda, maana nguo mbichi zikilala zinanuka na mwenye nguo hataki kusikia habari za ari yako. Mimi nilikaa chini na pasi yangu nikisikiliza. Tusi likifika kidato cha thelathini nilifurahi. Likifika hamsini nilicheka peke yangu. Siku alipofika juu akiendelea kunitukana bila kumeza mate, kwa tusi moja refu lililoanzia kwa bibi yangu, nililia juu ya suruali ya watu.

Furaha ile ndiyo iliyoniponza. Kila Jumapili mama hunipigia simu kutoka kwake, na kila Jumapili hunieleza jinsi mwanawe alivyobadilika huko gerezani. Jumapili hiyo nikachoka. Nikajipiga kifua. "Mama, mkwe wako siku hizi anapanda kama mbuzi! Saa tatu asubuhi yuko juu ya paa peke yake, kaanika mistari mitatu. Mwanao akitoka hamuwezi tena." Mama akauliza kama bado tunaishi jengo lile lile.

Hakuniambia kwamba mwanawe anatoka Jumanne. Walimpunguzia kifungo kwa tabia njema.

Jumatano, saa tatu na dakika chache, nilikuwa nanyoosha kola. Nikaona mgongo ukipita dirishani kuelekea ngazi ya mbele. Mgongo nilioupaka mafuta nikiwa na miaka tisa, siwezi kuusahau. Mkononi bomba.

Nilipiga kelele jina la nyumbani la mdogo wangu, kisha nikapiga kelele "Wifi!" mpaka koo likachanika. Huko juu upepo unapigapiga shuka, hasikii mtu. Alichokisikia ni bomba. Lilimpata bega la kushoto akiwa na vibanio mdomoni. Akaanguka ndani ya shuka, la pili likapasua shuka na paja. Damu ilikuwa kwenye mistari yote mitatu, nimezifua mimi mwenyewe shuka zile. Akamrushia kikapu usoni, akajiviringisha chini ya kamba, akaushika mlango wa ngazi ya nyuma.

Nikamwona anatokea chini uwanjani, anachechemea, nywele zimeloa damu, na nyuma yake miguu ya mdogo wangu inagonga vidato. "Toka nje!" nikamwambia. "Kimbilia barabarani!"

"Barabarani nilishakimbia," akasema, akanipita, akaingia ngazi ya mbele, akaanza kupanda.

Mdogo wangu akatokea. Nikamshika shati kwa mikono miwili. "Mwanangu, basi," nikamwambia, nikamwita mwanangu kama nilivyomwita zamani. Alinipiga kwa bomba mbavuni bila hata kuniangalia usoni. Nilianguka juu ya makaa yaliyomwagika kutoka kwenye pasi yangu, kiganja kikaungua, naye akapanda.

Milango ya jengo ilifungwa mmoja baada ya mwingine. Majirani zangu hupenda ugomvi kupitia tundu la ufunguo. Nikawasikia wale wawili wanapanda kwa mbele, wanapita juu, wanashuka kwa nyuma, wanatokea tena. Mara ya pili mdogo wangu alikuwa ameufungua mdomo na mate yanaruka. Alikuwa anapiga ukuta, anapiga mabomba ya maji, anapiga chochote kilicho karibu, na kila pigo lilimla pumzi. Wifi alikuwa hatua kumi mbele. Siyo ishirini, kumi. Alikuwa anatukana. Damu inamtoka pajani na anatukana, kidato kwa tusi, kwa mpangilio ule ule wa kila siku, na mimi kwenye sakafu nikatambua kwamba hamkimbii tena. Anampandisha.

Nikachukua pasi, nikaanza kupanda niwafuate. Mimi niliyeikata kamba. Mimi niliyekaa chini mwaka na nusu nikihesabu vidato vya mwenzangu. Kwenye kidato cha kumi na tano moyo ulinipanda kooni. Kwenye thelathini na mbili magoti yakakataa, nikashika reli ya ngazi, nikainama kutafuta hewa. Hapo ndipo nilipolisikia bomba likidondoka huko juu, likibingirika vidato viwili vitatu, likasimama. Nikasikia mdogo wangu anakohoa, akijikokota kwa magoti na mikono. Nikasikia miguu ya wifi inageuka, inashuka taratibu, na bomba likiokotwa.

"Mkono gani?" akamuuliza.

"Dada!" mdogo wangu akaniita. Siyo mkewe, mimi. "Dada, njoo! Dada, ananiua!"

Sauti ilikuwa ile ya mtoto aliyefungiwa chooni na wakubwa zake, ile niliyokuwa nikiivunjia milango. Pigo lilikuwa moja tu. Nilisikia mfupa. Kisha mdogo wangu akapiga yowe refu, na baada ya hapo nikamsikia wifi tu akihema kwa pua.

Nilikuwa nimebakiza vidato arobaini. Mpaka leo sijui kama ni pumzi iliyonishinda au ni moyo uliokataa kufika. Daktari aliniambia mbavu mbili zilikuwa zimepasuka, nikashukuru kupata sababu.

Walimrudisha gerezani na mkono wa kulia ndani ya plasta. Wifi alishonwa nyuzi kumi na tisa pajani. Wiki ya tatu akarudi kazini, akasimama chini ya kapi, akalitazama. Nilikuwa nimenunua kamba mpya, nene, bado iko kwenye karatasi yake. Nikamwambia kazi imekwisha, wifi, sasa tuvute kama watu.

"Funga," akasema. "Mimi sipandi tena na mzigo. Nachukia ngazi hizi kama ninavyomchukia yeye."

Nikaifunga. Lakini kikapu cha kwanza sikukifunga kwenye kamba. Nilikiweka begani mwangu, bega la upande usiouma, nikaanza kupanda. Sikumwambia kwa nini, na sikuwa na nia ya kumwambia. Nilijitukana kimya kimya, mdomo wangu, ulimi wangu, simu yangu ya Jumapili. Kwenye kidato cha ishirini na mbili niliketi na macho yanaona giza, maji ya shuka yananiingia kifuani.

Wifi akaja akichechemea, mikono mitupu, akasimama kidato kimoja chini yangu. Nikajua atacheka. Nilingoja kicheko kile kwa hamu, kingenisaidia.

"Mama yako alinipigia hospitali," akasema. "Alitaka nimsamehe mwanawe. Akaniambia wala yeye hakunipeleleza, aliambiwa tu kwa simu, Jumapili, naye akamweleza mwanawe. Saa tatu, juu ya paa, peke yangu."

Nikakivuta kikapu kifuani.

"Pumua kwa pua," akasema, akanipita. "Vimebaki hamsini. Beba."