Karatasi Ndani ya Kitako

Kwa miaka kumi na tisa Regula Nydegger alitengeneza jibini, na miaka yote hiyo alipiga shabaha kwa bunduki ya kuazima ya klabu, iliyokwisha kushikwa na kila kiganja chenye jasho kijijini. Mwaka huo akasema basi. Bunduki mpya ya jeshi haikuwa saizi ya mfuko wake, kwa hiyo alikwenda Langnau kwa muuzaji wa bunduki za jeshi zilizostaafu.

Mezani zilikuwepo tatu. Ya kwanza mbao zake ziling'aa, lakini alipochungulia mtutu dhidi ya mwanga wa dirisha aliona umelika ndani. Ya pili kifyatulio kilikuwa kinakwamakwama. Ya tatu ilikuwa na sura mbaya, kitako chake cha mbao kimechubuliwa na buti na theluji, ila mtutu ulikuwa safi kama kikombe kilichooshwa. Faranga mia mbili na ishirini tu. Hakuuliza bei mara mbili.

Sasa, pale kijijini wana desturi yao. Askari wa zamani waliandika majina yao kwenye karatasi, wakaificha ndani ya kitako chini ya kibamba cha chuma. Anayenunua hufungua skrubu mbele ya wanachama wote, jina linasomwa, na mwenyewe akiwa hai anapigiwa simu aje aione bunduki yake. Regula hakungoja hayo. Alifungua peke yake jikoni, akasoma: Gottfried Wüthrich, Trub. Akatafuta kwenye kitabu cha simu, na jina lilikuwemo. Je, mzee akiitaka? Utamnyima kwa uso gani mtu bunduki aliyoibeba ujanani? Karatasi ikaingia kwenye pochi.

"Haya, tuone umetuletea babu gani!" alisema Fritz Oberli, mwenyekiti wa klabu, Regula alipoifikisha klabuni.

"Nimeshafungua. Tupu."

"Tupu? Basi babu hakujua kuandika!"

Wote waliangua kicheko, na Regula akacheka nao huku uso ukimwaka moto. Tangu siku hiyo hakuishika bunduki ile kwa raha. Aliipaka mafuta upesiupesi, kama mtu anayeficha kitu cha wizi, na hakuifanyia mazoezi.

Mwezi wa sita vijiji vilikusanyika kushindania beji ya shada, ile anayovishwa kila mpigaji shabaha anayefikisha alama za kutosha. Mzee mmoja mwenye fimbo alikuwa akipita kwenye foleni, akikagua vitako vya bunduki. Alipofika kwa Regula alisimama.

"Samahani, mama. Naitwa Wüthrich, wa Trub. Mkwe wangu aliuza bunduki yangu nikiwa hospitalini kutibiwa nyonga. Yako ulifungua kitako?"

Hapo ndipo angeweza kusema kweli, na waliokuwa karibu walikuwa wachache.

"Nilifungua, mzee. Kilikuwa tupu."

"Aa. Basi siyo. Yangu niliweka karatasi." Akaitazama tena ile mbao iliyochubuka. "Lakini yangu ilikuwa na ukaidi wake. Inarusha juu kulia, upana wa kiganja. Ukiona yako nayo hivyo, lenga chini kushoto."

Regula alilala kwenye mkeka. Risasi mbili za majaribio zilipiga juu kulia, upana wa kiganja. Akalenga alivyoelekezwa, na kuanzia hapo karibu zote zikaingia katikati, moja baada ya nyingine. Kila moja ilimchoma yeye kwanza. Alipata sitini na saba kati ya sabini na mbili.

Ukumbini, Oberli alimbandika beji kifuani watu wakishangilia. Mzee alikuwa amesimama mlangoni.

"Ulilenga chini kushoto?"

"Ndiyo."

"Na zikaingia katikati."

"Ndiyo, mzee."

Mzee aliitikia kwa kichwa polepole. "Hongera, mama," alisema, akaishika fimbo yake, akaanza kuteremka kwenda kituo cha basi.

Regula alimkimbilia na bunduki begani. Alimfikia kituoni. Akatoa ile karatasi kwenye pochi, akampa.

Mzee aliisoma kama barua ya mtu mwingine. "Nilikuwa na mwandiko mzuri," alisema. Kisha akamrudishia.

"Chukua bunduki yako, mzee. Tafadhali."

"Nyonga hii hailali tena chini. Ibaki kwako. Lakini kule ndani umewaambia kilikuwa tupu?"

"Nimewaambia."

"Haya, rudi kwao. Nitangoja basi la pili," alisema mzee, akaketi kwenye benchi.

Regula alipanda kilima peke yake. Alipofungua mlango bado walikuwa wanashangilia, na Oberli alishamjazia glasi. Akabandua beji kifuani, akaiweka mezani, na karatasi juu yake.

"Nyamazeni kidogo," alisema. "Hakikuwa tupu."